Wiki ya tatu ya Kiarabu kitupu, na ulimi umegoma

"Assalaam alaykum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu huku Marekani, kwetu Tanga. Nimeingia programu ya Kiarabu ya kiangazi ya wiki nane, saa nne darasani kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Tumetia saini ahadi kwamba hatutasema lugha nyingine mpaka mwisho. Niko wiki ya tatu. Msahafu nilihitimu nikiwa mdogo, nikadhani nitawaacha mbali Wamarekani. Kwenye mtihani wa kupangwa nilisoma vizuri, nikapelekwa ngazi ya pili. Sasa nimekuwa bubu. Wenzangu wanaongea, wanakosea, wanacheka. Mimi nikifungua mdomo hakitoki kitu. Nikiambiwa nisome kwa sauti, nasoma kama niko chuoni kwa maalim, darasa zima linanigeukia. Mwalimu wetu Mmisri namwelewa darasani, lakini tukifika kwenye bwalo la chakula siambulii hata neno. Kichwa kinaniuma kila jioni. Nishuke ngazi ya kwanza? Niache? Au ningoje mwakani niende Cairo au Amman, ambako Kiarabu kinasemwa kweli? Na kukuandikia kwa Kiswahili si nimeshavunja ahadi? Nina kafara?"

Waalaykumu ssalaam, na marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo jepesi. Ahadi umeivunja, ndiyo, ila umeivunja kwa jambo la maana na mimi simwambii mtu. Ile ni sharti la shule. Kama uliapa kwa jina la Mungu, kafara muulize shehe wako. Mimi ni mwalimu wa lugha tu. Ukishamaliza kunisoma, zima simu urudi kwenye Kiarabu chako.

Sasa tuingie lenyewe. Nimekusoma mara mbili, na naona kinachokuuma si ugumu wa Kiarabu. Unaogopa kwamba miaka yote ya chuoni kwa maalim haikukupa kitu, na kwamba mtu aliyeijua alif mwaka juzi amekupita. Hapo ndipo ulipokosea, na kosa hilo ndilo linalokuziba mdomo.

Chuoni ulijengewa njia moja: jicho linaona herufi, mdomo unatoa sauti. Njia hiyo ni imara kwako kuliko kwa Mmarekani yeyote hapo darasani. Ha na 'ain, dhadi, ghaini, qafu, wenzako watazihangaikia mpaka Agosti na wengine hawatazipata. Lakini kuongea hakupiti njia hiyo. Kuongea kunaanza na maana. Unataka kusema kitu, unalitafuta neno, unalipa umbo linalomfaa msemaji na wakati, ndipo sauti inatoka. Njia hiyo hukuwahi kuifyeka. Hakuna aliyekutaka chuoni uombe maji kwa Kiarabu. Mtihani wa kupangwa ulipima kusoma, ukakuta mtu anayesoma vizuri, ukakuweka mahali ambapo wengine wote wameshaongea kwa mwaka mzima. Karatasi haikusema uongo, ila iliuliza nusu ya swali.

Na hao wenzako usiwaonee gere sana. Wanafunzi wa Kiarabu wa vyuo vya Marekani hutaniana kwamba wanajua kusema "Umoja wa Mataifa" kabla hawajajua kuomba kijiko, kwa sababu kitabu kinachotumika sana huko kinaanza na msichana ambaye baba yake ameajiriwa na Umoja wa Mataifa. Wanayokutisha nayo bwaloni ni sentensi zile zile walizozizungusha mihula miwili. Wasikilize kwa makini kidogo, utazizoea na kuzihesabu.

Kuna jambo jingine ambalo wahitimu wengi wa madrasa hawalioni mpaka wakwame. Msahafu una irabu zote: fataha, kasra, dhumma, sukuni, shada. Gazeti halina. Riwaya haina. Maandishi ya darasa la pili yanaanza kuzipunguza, na wewe ghafla unaona konsonanti tupu zimepangana, k-t-b, usijue kama ni "kataba", ameandika, au "kutiba", imeandikwa, au "kutub", vitabu. Mwarabu haoni irabu hizo pia. Analikisia umbo kutokana na mizani ya neno, yaani kigezo ambamo herufi za mzizi hutiwa, na nafasi yake katika sentensi. Kwa hiyo usipoifahamu mizani, kusoma kwenyewe kutaanza kukukimbia, na ndipo utakapojiona umerudi nyuma. Hujarudi nyuma. Umeondolewa kitu ambacho hukujua kwamba ulikuwa unakiegemea.

Hapa Kiswahili chako kinakufaa kuliko unavyodhani. Mizani ya vitenzi vya Kiarabu, ile wanayoiita awzaan, huwatoa jasho Wamarekani maana kwao ni hesabu tupu. Wewe umezaliwa nayo nusu. Stahili, stahiki, starehe: zote zimetoka mzani wa kumi, wenye ista- mbele. Tafakari, tawakali, tafadhali: mzani wa tano. Mtihani na jitihada ni majina ya mzani wa nane, imtihaan na ijtihaad. Umesema "astaghfirullah" tangu utoto. Hiyo ni ghafara, kusamehe, iliyotiwa ista- ikawa kuomba kusamehewa. Mwalimu akiandika mizani kumi ubaoni, wewe andika pembeni neno la Kiswahili kwa kila mmoja utakaoupata. Jioni moja inatosha.

Ila mali hiyo ina sumu ndani. "Rakhiis", iliyotupa rahisi, kwa Kiarabu ni bei ya chini; ukitaka kusema mtihani ulikuwa mwepesi, neno ni "sahl". "Sharh" ni maelezo, hakuna ngoma wala pilau. Sherehe yenyewe ni "hafla". Na "laa budda", iliyotupa labda, kwao ni lazima, hapana budi. Mwanafunzi wa kwetu akimwambia mwalimu "laa budda nitakuja" akidhani amejiachia mlango, amejifunga. Qur'ani nayo ina mitego ya aina hii. "Sayyaara" katika Surat Yusuf ni msafara, wale wapita njia waliomtoa Nabii Yusuf kisimani. Leo ni gari. Weka daftari dogo la maneno kama haya na ulisome unapopanga foleni ya chakula.

Kuhusu kusoma kama uko chuoni: hilo ni dogo, na hao waliokugeukia pengine wameduwaa tu. Ghunna (sauti ya puani), qalqala (mdundo wa herufi), maddi ya harakati sita (kuvuta irabu), ni adabu za Qur'ani na zibaki huko. Makhraji, yaani mahali pa kutolea kila herufi, usiyaache hata moja. Chukua taarifa ya habari ya dakika mbili, isikilize sentensi moja moja, irudie kwa mwendo ule ule wa msomaji. Utaona yeye hukata irabu za mwisho anapotua, na hilo unalijua tayari: mwisho wa aya unasema "rabbil 'aalamiin", husemi "'aalamiina". Katika fus'ha, yaani Kiarabu sanifu, ya kuzungumza watu hutua karibu kila neno, kwa hiyo sehemu kubwa ya zile irabu za mwisho zinazokutia hofu unaweza kuzimeza bila mtu kukulaumu.

Sasa bwalo la chakula. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea, na makosa si yao. Mara nyingi hakuna aliyewaeleza. Waarabu wana lugha ya maandishi, habari, hotuba na darasa, yaani fus'ha, na wana lugha ya nyumbani, amiya, ambayo kila nchi ina yake. Mwanaisimu Charles Ferguson alilieleza jambo hili mwaka 1959 katika makala iliyolipa jina la diglosia, Kiarabu kikiwa mmoja wa mifano yake minne. Kiswahili sanifu na Kimvita cha Mombasa si mfano wake sawasawa, maana wako watoto wengi wanaokua na Kiswahili kinachokaribiana sana na sanifu. Fus'ha hakuna mtoto anayenyonya nayo. Mwalimu wako mwenyewe aliisomea shuleni.

Basi darasani anasema "uriidu", nataka. Bwaloni anasema "'aayiz", na mwanamke "'aayza". Mwenzake wa Damascus atasema "biddi", wa Morocco "bghiit". "Sasa" ni "al-aana" kwenye kitabu, "dilwa'ti" Cairo, "halla'" Damascus. Juu ya hayo, Mmisri wa Cairo anaigeuza qafu kuwa mkato tu wa koo, na jimu kuwa g: "qalb" inakuwa "'alb", "jamiil" inakuwa "gamiil". Sikio lako limefundwa kuisikia qafu kwa ukali wake wote, linaingoja, na haiji. Kwa hiyo wewe uliyesoma vizuri unaweza kuachwa zaidi ya yule ambaye hajawahi kuitofautisha qafu na kafu. Dawa ni kuchagua. Chukua Kimisri, kwa kuwa mtu wa kukufundisha unaye hapo mezani, na kwa kuwa filamu na nyimbo za Cairo zimekieneza ulimwengu wote wa Kiarabu. Hata pwani yetu ilimsikiliza Umm Kulthum redioni. Mwambie mwalimu wazi kwamba unataka kujifunza maneno yake ya mezani. Atafurahi, nakuhakikishia. Lahaja ya pili iache mpaka mwakani.

Ububu wenyewe je? Kuna kipindi ambacho mtu aliyetumbukizwa katika lugha huelewa kabla hajasema, na wapo wanaofundisha kwamba usilazimishwe, maneno yatatoka yakiiva. Mimi nakubali kwa mtoto. Kwa mtu mzima mwenye wiki nane, siafiki. Kanada ina shule ambazo watoto wa Kiingereza husomeshwa masomo kwa Kifaransa. Mtafiti Merrill Swain alipowachunguza katika miaka ya 1980 alikuta wanaelewa vizuri sana baada ya miaka ya kusikiliza, lakini wakisema au kuandika mapengo ya sarufi yamebaki. Hoja yake ni kwamba mtu anapolazimika kutoa sentensi ndipo anapogundua asichokijua. Msikilizaji anaweza kudaka maneno matatu akakisia mengine. Msemaji hana pa kukisia.

Kwa hiyo sema, na sema vibaya. Najua kwako hili ni zito zaidi kuliko kwa wenzako. Chuoni kosa la herufi moja lilikuwa kosa kweli, maalim alikusimamisha papo hapo, na ndivyo inavyopasa kwa maneno ya Mungu. Umelelewa kuona haya kukosea Kiarabu. Mmarekani hana haya hiyo. Kwake Kiarabu ni somo kama hesabu. Hii nadhani ndiyo kufuli kubwa kuliko zote nilizozitaja, na hakuna kitabu cha sarufi kitakachoifungua. Unapomwomba Mmisri chumvi husomi Qur'ani, na ukikosea hujaikosea Qur'ani.

Mbinu moja inayofanya kazi: chukua kisa kifupi, tuseme jinsi ulivyofika hapo kutoka nyumbani, umsimulie mwenzako kwa dakika nne. Kisha msimulie mwingine kisa hicho hicho kwa dakika tatu, kisha wa tatu kwa dakika mbili. Mara ya tatu hutafuti tena maneno, unayachukua. Fanya hivyo kila siku na kisa kipya. Na jifunze maneno ya kujinunulia muda, "lahdha", subiri kidogo, "kayfa naquul...", tusemeje, na "ya'ni", ambayo ni yaani yetu ile ile na Waarabu wanaitumia kupita kiasi kama sisi. Mlo mmoja kila siku kaa meza ya mwalimu. Katika programu za aina hii hatari moja isiyosemwa sana ni kwamba Kiarabu kingi unachokisikia ni cha wanafunzi wenzako, na makosa yao yanaambukiza.

Hiyo ahadi mliyotia saini ina historia. Mtindo huu umejulikana zaidi kupitia chuo cha Middlebury, Vermont, ambacho shule yake ya kwanza ya kiangazi, ya Kijerumani, ilifunguliwa mwaka 1915. Ya Kiarabu ikafuata 1982. Kazi yake ni kuziba mlango wa kutorokea. Bila ahadi, ukichoka saa mbili usiku utaingia kwenye Kiingereza, na ni katika uchovu huo huo ndipo lugha hulazimika kutoka. Gharama yake ni kwamba inamnyang'anya mtu nafsi yake. Wewe unayesifika kwa maneno unakuwa mtu wa "chakula kizuri" na "mvua inanyesha". Wachekeshaji huumia zaidi. Nimeona wanafunzi wakilia wiki ya tatu kwa sababu hiyo tu, na wengi wao wiki ya tano au ya sita walikuwa wanataniana kwa Kiarabu kibovu kinachoeleweka. Siahidi kwamba itakuwa hivyo kwako. Ila wiki ya tatu ni mahali pabaya pa kupimia: mapya yamekwisha na matunda hayajaonekana.

Tena pima kwa kipimo cha kweli. Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha hukadiria wiki 88, kama saa 2,200 za darasani, mpaka mtu wa Kiingereza afikie Kiarabu cha kufanyia kazi. (Kiswahili wanakipa wiki 36, tusijivune wala tusinune.) Wewe kwa hesabu uliyonipa una saa 160 darasani kwa kiangazi chote. Ukiongeza kazi za jioni na soga za bwaloni bado ni mwanzo. Aliyekuambia wiki nane zitakufanya uongee kama mtu wa Cairo alikuwa anauza nafasi.

Haya, tuamue. Kushuka ngazi ya kwanza sikushauri, ila kwa sharti moja. Leo usiku chukua karatasi, andika vitenzi vitano vya wakati uliopita unavyovijua, uvigeuze viwe vya wakati uliopo kwa mimi, wewe mwanamume, wewe mwanamke, yeye, sisi na wao. Chukua muda utakao. Ukiweza hata kwa kujikokota, bakia ulipo: tatizo lako ni kasi na haya, na ngazi ya kwanza itakurudisha kuchora alif na kukuachia uongo wa kujiona bingwa. Ukishindwa kabisa, basi msingi wa sarufi haupo. Kesho asubuhi mwone mratibu wa ngazi kabla siku ya mwisho ya kubadilisha haijapita, na umwambie hasa kinachokushinda. Kushuka kwa sababu hiyo ni akili, na hakuna wa kukucheka.

Kuacha, hapana, isipokuwa kwa yale nitakayoyataja chini. Cairo au Amman ni wazo zuri, lakini mji haumsemeshi mtu kwa nguvu. Mwanafunzi mgeni Amman hupanga nyumba na wageni wenzake, Kiingereza kikawa ndicho cha jikoni na sebuleni. Muuza duka akiona unababaika anakurahisishia kwa Kiingereza chake. Darasani fus'ha, nje amiya, na hakuna ahadi ya kumbana yeyote. Anayefaidi ni yule anayefika akiwa na uwezo wa kuendesha mazungumzo ya robo saa. Hiyo robo saa inatafutwa hapo ulipo. Nenda baada ya hapa. Na kama una shangazi Muscat na unafikiria kwenda kwake badala yake, nenda kwa mapenzi ya shangazi tu: watu wa Kiswahili Muscat ni wengi, mtapika samaki wa kupaka na kuongea Kiswahili mpaka siku ya ndege.

Kichwa cha jioni kwa kawaida ni uchovu: siku nzima unasikiliza kwa nguvu zote, neno kwa neno, jambo ambalo hatulifanyi katika lugha yetu. Kunywa maji, lala saa za kutosha hata kama kazi ya nyumbani haijaisha, kwa maana yale ya mchana hukaa vizuri kichwani mtu akilala. Ila mimi si daktari. Maumivu yakiendelea mpaka asubuhi, au macho yakiona ukungu, nenda zahanati ya chuo ukapimwe, na macho pia. Na kama hulali siku kadhaa mfululizo, huli, unalia kila siku bila kujua kwa nini, au umewahi kufikiria kujidhuru, usingoje wiki ya nne. Muone mshauri wa wanafunzi leo na zungumza kwa lugha yoyote inayokutoka. Programu ninazozifahamu hazidai ahadi mbele ya daktari, mshauri au dharura, na kama yenu inaidai, ivunje. Vivyo hivyo mpigie mama simu Ijumaa. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayetaka umwambie mama wa Tanga kwa Kiarabu kwamba umekula.

La mwisho ni la baada ya wiki nane. Kiarabu cha kiangazi huyeyuka upesi kikiachwa, na kinachotangulia kuondoka ni kuongea. Kabla hujafunga mizigo, omba upimwe kuongea pamoja na kusoma na uchukue matokeo kwa maandishi, ili Septemba chuo chako kikupange kwa unachoweza kusema, si kwa ulivyosoma karatasi. Mwombe pia yule mwalimu Mmisri nusu saa ya simu kila wiki mbili. Wengi hukubali, na wachache sana huombwa.